Sura ya Sita: Maji Nyuma ya Mlango wa Kioo

Saa ya hatari kuliko zote katika nyumba ya likizo yenye bwawa si saa ya kuogelea. Ni ile nusu saa ya kushusha mizigo.

Chukua familia ya Nairobi inayoteremka Diani mwezi wa Desemba. Wamepanda treni ya alasiri, wamefika Miritini giza limeingia, wakakodi gari, wakavuka Likoni, na sasa ni saa tano usiku wako mbele ya geti jeusi huku askari akihangaika na kufuli. Watoto walikuwa wamelala garini. Wameamka na nguvu mpya. Baba anatoa mabegi. Mama anamuuliza askari kama umeme una token za kutosha. Shangazi ameshaingia jikoni na kikapu cha vyakula, binamu wawili wanagombania chumba chenye kiyoyozi, na kijana wa sekondari anatafuta nywila ya Wi-Fi. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa siku kadhaa, ina joto na harufu ya unyevu, basi mtu mmoja anausukuma ule mlango mkubwa wa kioo wa sebuleni ili upepo uingie. Baadaye hakuna atakayekumbuka ni nani aliyeufungua. Nje, hatua chache kutoka kizingitini, maji yanang'aa rangi ya buluu kwa taa zilizomo ndani yake, na mtoto wa miaka miwili hajawahi kuona kitu kizuri namna hiyo.

Hakuna aliyevaa nguo za kuogelea, kwa hiyo hakuna anayewaza maji.

Hofu hii ina takwimu zake. Tume ya Marekani ya Usalama wa Bidhaa za Walaji iliwahi kuchunguza ajali za watoto wa chini ya miaka mitano katika mabwawa ya majumbani huko Arizona, California na Florida, majimbo yenye jua kali na mabwawa mengi. Asilimia 69 ya watoto wale hawakutarajiwa kabisa kuwa majini au karibu na maji wakati walipozama. Asilimia 77 walikuwa wameonekana na mtu dakika tano au chini ya hapo kabla ya kutoweka. Hawakuwa watoto waliotelekezwa. Wengi wao walikuwa chini ya uangalizi wa wazazi wao wenyewe, mtoto akidhaniwa yuko sebuleni, au chumbani, au amelala. Sasa weka dakika hizo tano kando ya hesabu nyingine: ubongo wa mtu aliyekosa hewa huanza kudhurika baada ya kama dakika nne.

Ndiyo maana sura hii haitaanza na masharti ya kuogelea. Mtoto aliye majini pamoja na mama yake, saa nne asubuhi, watu wazima watatu wakimtazama, yuko salama kuliko yule aliyeachwa mezani amalize chai yake wakati wengine wamekwenda kuoga. Kazi ya kwanza ya mwenye familia ni kuhakikisha kwamba mtoto hawezi kuyafikia maji bila mtu mzima kujua. Kazi ya pili ni kuhakikisha kwamba anapokuwa majini kuna mtu mmoja, mwenye jina, anayemwangalia. Mengine yote yanafuata nyuma ya haya mawili.

Tazama jinsi tunavyojenga. Nyumba za kukodi za pwani, kuanzia Watamu na Kilifi hadi Nyali na Diani, na ng'ambo ya mpaka Paje na Nungwi, huzungushiwa ukuta mrefu. Juu yake kuna vigae vya chupa au waya wa umeme. Getini kuna askari mwenye tochi na rungu. Ukuta ule ulijengwa kwa kumfikiria mwizi. Unamzuia mtu wa nje asiingie, na kazi hiyo unaifanya vizuri. Lakini mtoto hatoki nje, anatoka ndani. Kati ya godoro lake na maji hakuna ukuta wowote: kuna pazia, kuna mlango wa kioo unaoteleza kwa kidole kimoja, kuna kibaraza, kisha kuna maji.

Watafiti wameupima mpangilio huu. Uzio wa pande nne, unaolitenga bwawa peke yake mbali na nyumba, hupunguza hatari ya mtoto kufa maji kwa asilimia 83 ukilinganishwa na uzio wa pande tatu ambao upande wa nne ni nyumba yenyewe. Ukuta wa ua wetu ni huo wa pande tatu, na upande ulioachwa wazi ndio ule anakotokea mtoto.

Kuna nchi zilizokataa kuliacha jambo hili mikononi mwa bahati. Ufaransa ilipitisha sheria tarehe 3 Januari 2003 inayomlazimu mwenye bwawa lililochimbwa ardhini, likiwemo la nyumba ya kupangisha wageni, awe na angalau kinga moja kati ya nne: uzio, king'ora, turubai maalumu la kufunika maji, au banda la kulifunika bwawa zima. Asiyefuata anaweza kutozwa faini ya hadi euro 45,000. Huko Queensland, Australia, mwenye nyumba hawezi kuipangisha nyumba yenye bwawa bila cheti cha usalama wa bwawa. Kanuni za Australia zinaingia mpaka kwenye sentimita: uzio usipungue mita 1.2 kwenda juu, nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 10 ili kichwa cha mtoto kisipite, geti lijifunge lenyewe na lifunguke kwa kuelekea nje, upande usio wa maji, na komeo liwe juu kiasi cha mita 1.5 ambako mkono mdogo haufiki. Nondo zinazolala zisiwe mahali pa kukanyagia, maana mtoto huzigeuza ngazi. Fundi yeyote wa kuchomelea vyuma pale Ukunda anaweza kuifanya kazi hiyo kwa mchoro wa ukurasa mmoja.

Basi uliza kabla ya kulipa. Usiulize mtandaoni tu, ambako utajibiwa kwa picha ya machweo. Omba namba ya mtu anayeitunza nyumba umpigie. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni Diani."

"Ahsante. Nilikuwa nauliza, bwawa lina uzio?"

"Ukuta upo, tena mrefu. Na askari yupo usiku kucha."

"Nakusudia uzio wa kumzuia mtoto asitoke ndani akaenda majini."

"Aa, huo hatuna. Lakini usijali, upande huu maji ni mafupi."

Mzee hadanganyi. Upande mfupi wa bwawa la kawaida la nyumba ya kukodi una kina cha kama mita moja, na kwake yeye maji hayo yanaishia kiunoni. Mtoto wa miaka miwili ana kimo cha kama sentimita 85. Ufupi wa maji ni wa kumuuliza anayezama, wala si wa kupimwa kwa kiuno cha mtunza nyumba. Endelea kumuuliza: milango ya kuelekea bwawani ina komeo la juu? Funguo za milango hiyo hukaa wapi? Chumba cha watoto kinatazamana na bwawa au kiko ghorofani? Taa za majini zinazimika? Akikosa subira na maswali yako, hilo nalo ni jibu.

Ikiwa nyumba haina uzio na umeshaipenda, au ndugu wameshaichagua kwa wingi wa kura, basi uzio utautengeneza wewe, kwa milango. Fika kabla ya wengine ikiwezekana. Ikishindikana, na gari likiwa bado halijazimwa injini, mtu mzima mmoja ashuke peke yake. Huyu habebi begi wala kikapu. Anapita nyumba nzima kutafuta kila tundu linalotokea bwawani: mlango wa sebule, mlango wa jikoni, dirisha la chini la chumba cha kulala, kichochoro cha kuanikia nguo. Anafunga, anajaribu komeo kwa mkono wake, anaondoa viti vya plastiki vilivyo karibu na madirisha, anatoa majini mipira na vidude vinavyoelea vilivyoachwa na wageni waliotangulia, kwa kuwa mtoto hafuati maji peke yake, hufuata bata wa njano aliye juu ya maji. Ndipo anapotoka na kusema: sasa shukeni. Dakika kumi zinatosha.

Milango isiyo na komeo la juu wekea kengele. Vipo vidude vidogo vya sumaku vinavyobandikwa kwenye mlango na kupiga kelele ukifunguliwa; maduka mengi ya vifaa vya umeme mijini huviuza, na unaweza kutembea navyo mkobani kutoka nyumba hadi nyumba.

Diani kuna kichekesho kimoja kinachofundisha. Karibu kila nyumba ya kukodi ina karatasi ukutani inayowaonya wageni wafunge milango kwa sababu ya tumbili. Wageni hutii. Siku ya kwanza tu tumbili akishaingia na kubeba mkate, nyumba nzima inakuwa hodari wa kufunga milango, na atakayesahau anagombezwa na bibi. Bidii hiyohiyo, kwa milango ileile, ingetosha kumlinda mjukuu.

Na sheria moja isiyo na mjadala: mtoto asipoonekana, anza na bwawa. Usianze kuita jina lake chumba hadi chumba, wala kutazama chini ya kitanda, wala kumuuliza askari kama ametoka getini. Mtoto aliyejificha kabatini anaweza kungoja dakika kumi akicheka. Kimbia kwanza ukingoni, tazama mpaka chini, pande zote, ndipo uendelee kutafuta kwingine.

Sasa tuje kwenye saa ya kuogelea yenyewe. Familia zetu zina neema ya watu wazima wengi: baba, mama, shangazi, mjomba, babu, dada wa kazi, rafiki wa mjomba. Mtu angedhani macho yote hayo yanatosha. Wahenga walisema penye nahodha wengi chombo huenda mrama. Kando ya bwawa shida ni kwamba kila mmoja anadhani nahodha ni mwenzake. Mama anajua baba yuko pale. Baba anajua shangazi yuko pale. Shangazi amegeuka kupokea simu ya M-Pesa iliyokosewa.

Dawa yake ni zamu. Mtu mmoja, robo saa hadi dakika 20, kisha mwingine. Aliye zamuni hana simu mkononi, hana bia, hapiki, hasuki nywele za mtu, hasomi gazeti. Atafutiwe kitu cha kuonyesha kwamba yeye ndiye. Leso begani inafaa sana kwa sababu huonekana kutoka mbali. Anayemaliza zamu haondoki mpaka amemvisha mwenzake leso ile na kumwambia, "Nakuachia maji," na mwenzake amejibu, "Nimeyapokea." Siku ya kwanza watu watacheka. Waache wacheke, lakini wavae leso.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano kukaa ukingoni hakutoshi. Mtu mzima awe majini pamoja naye, karibu kiasi cha kumshika bila kupiga hatua. Yale maboya ya mikononi ya kupulizwa ni vitu vya kuchezea. Huvuja, huchomoka, humgeuza mtoto kifudifudi, na baya zaidi humfundisha kwamba maji yanabeba. Akiyavua kula chakula cha mchana hajui kwamba yeye na maboya ni vitu viwili. Kama unataka kifaa cha kumlinda, mnunulie jaketi la kuokolea linalolingana na uzito wake, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Ununuapo nguo zake za kuogelea epuka buluu na nyeupe, rangi zinazopotea chini ya maji. Machungwa au waridi inayowaka huonekana hata maji yakichafuka.

Nalo jambo la dada wa kazi lisemwe wazi. Tunampa watoto watatu, tunakwenda ufukweni kutembea, na hatujawahi kumuuliza kama anajua kuogelea. Wanawake wengi wa kwetu, hata waliozaliwa mita mia moja kutoka baharini, hawakufundishwa. Huko Nungwi, Unguja, Mradi wa Panje ulianza kuwafundisha wanawake na wasichana kuogelea kwa sababu ya pengo hilohilo. Kumwachia bwawa mtu asiyejua kuogelea ni kumweka katika hatari yeye pamoja na mtoto, kwa sababu mtoto akizama atamrukia. Muulize kwa heshima, faraghani, wala usimuulize mbele ya wageni ambako ataona haya kukuambia kweli.

Kuangalia nako kunahitaji kujua unaangalia nini. Mfa maji haishi kutapatapa, ndivyo tulivyofundishwa, na methali hiyo ni kweli kwa mfanyabiashara anayefilisika. Kwa anayezama bwawani imewapotosha wengi. Frank Pia, aliyekuwa mwokoaji katika ufukwe wa Orchard Beach, Bronx, New York, alitengeneza filamu za watu waliokuwa wakizama kwelikweli na kuzichunguza. Alichokiona ni kimya. Anayezama hapigi kelele, kwa sababu kelele zinahitaji pumzi na mdomo wake hauko juu ya maji kwa muda wa kutosha kutoa na kuvuta hewa. Hapungi mkono, kwa sababu mwili wake, bila kumshauri, umeitandaza mikono pembeni na kuyakandamiza maji ili kichwa kiinuke. Yuko wima, miguu haipigi, kama anayepanda ngazi isiyoonekana. Kichwa kimelala nyuma, mdomo unazama na kuibuka, nywele zimemwangukia machoni na hazipangusi. Hali hii hudumu kati ya sekunde 20 na 60, kisha anakwenda chini. Mtoto mdogo anaweza asifikishe hata hizo.

Kwa hiyo watoto wanaopiga mayowe na kurushiana maji wako salama kwa sasa. Aliyenyamaza ndiye wa kutazamwa. Mwite jina, muulize kama yuko sawa. Akikujibu, vizuri. Akikukodolea macho bila neno, ingia.

Sehemu ya bwawa inayosahaulika kuliko zote ni tundu la chini. Pampu hufanya kazi kwa kuvuta maji, mengine kupitia vichujio vya ukingoni, mengine kupitia tundu lililo kwenye kina, na tundu hilo hufunikwa kwa kifuniko chenye vijitundu. Kifuniko kikivunjika au skrubu zikilegea, mwili ukiliziba tundu, mvuto wote wa pampu unamshika mtu mmoja. Mwezi Juni 2002, katika jimbo la Virginia, msichana wa miaka saba aitwaye Virginia Graeme Baker, mjukuu wa James Baker aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alinaswa na tundu la jakuzi. Mama yake alishindwa kumvuta. Wanaume wawili walipofanikiwa kumng'oa, walivuta kwa nguvu hadi kifuniko kikavunjika, na walikuwa wameshachelewa. Graeme alikuwa anajua kuogelea vizuri. Sheria ya Marekani ya vifuniko vya mabwawa iliyopitishwa mwaka 2007 ina jina lake.

Kwa mgeni wa nyumba ya kukodi hili lina maana mbili. Kwanza, asubuhi ya kwanza, mwite mtunza bwawa akuonyeshe swichi ya pampu, na kila mtu mzima aijue iliko, kwa sababu mtu akinaswa kuzima pampu ndiko kunakomfungua, kabla ya misuli ya mtu yeyote. Pili, ingia na miwani ya majini ukitazame kifuniko. Kama hakipo, kimepasuka au kinacheza, bwawa hilo limefungwa mpaka litengenezwe, hata kama umelipa wiki nzima. Wenye nywele ndefu, na wasichana waliosuka rasta, wazifunge juu; nywele nazo hunaswa.

Maji yenyewe nitayapitia haraka. Lazima uione sakafu ya upande mrefu waziwazi, skrubu za kile kifuniko zikionekana. Maji ya kijani au yenye ukungu, baada ya mvua kubwa au umeme kukatika na pampu kulala, yanamficha mtu aliyezama kana kwamba hayupo. Usiogelee humo, hata kama kila mtu amechoka na safari. Chumba cha pampu kifungwe kwa kufuli. Humo mna klorini na mna asidi, na vikichanganyika, hata kwa kutumia kikombe kimoja kupimia vyote viwili, hutoa gesi ya sumu.

Watoto wakubwa na vijana wana hatari zao, na hizo hazitokani na mlango. Ipo michezo miwili ya kupigwa marufuku kwa jina. Wa kwanza ni kupiga mbizi kichwa mbele. Mabwawa mengi ya nyumba hizi hayana alama za kina, na Msalaba Mwekundu wa Marekani unataka angalau mita 2.7 za maji kabla ya mtu kuruka kwa kichwa. Chukua ule mti mrefu wa brashi ya mtunza bwawa, uchovye upande mrefu, pima. Mara nyingi utakuta haifiki, na shingo iliyovunjika huja kwa sekunde moja. Wa pili ni kushindana kukaa chini ya maji. Kijana anavuta pumzi nyingi za harakaharaka kisha anazama. Zile pumzi zinaipunguza kaboni dayoksaidi mwilini, na gesi hiyo ndiyo inayotuhimiza kupumua. Oksijeni inakwisha kabla ya mwili kumhimiza, anazimia kimyakimya akiwa chini, na wenzake wanadhani anaelekea kushinda. Huwapata hasa waogeleaji hodari.

Watu wazima na pombe sina haja ya kuwaeleza sana. Bwawa lifungwe jua likitua. Anayetaka kuonyesha ufundi wake saa sita usiku na auonyeshe kesho asubuhi mbele ya watoto.

Weka vifaa vitatu ukingoni siku ya kwanza. Cha kwanza ni ule mti mrefu wa wavu wa kuokotea majani, ambao unamnyooshea anayezama aushike nawe umelala kifudifudi ukingoni usivutwe. Cha pili ni dumu la plastiki la lita 20, tupu, kifuniko kimekazwa, limefungwa kamba shingoni. Likirushwa linambeba mtu mzima bila shida, na kila duka la pwani lina madumu. Cha tatu ni simu yenye chaji, ikiwa na namba za dharura na anwani ya nyumba kwa maneno ambayo dereva wa teksi anaweza kuyafuata. Kenya ni 999 au 112; Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Jua pia hospitali ya karibu iko wapi na ni gari la nani litakalokwenda, kwa sababu kungoja ambulensi usiku wa sikukuu ni kamari.

Ukimtoa mtu majini na hapumui, au anakoroma na kuhema kwa taabu bila fahamu, usimning'inize miguu juu. Usimzungushe. Usimbonyeze tumbo kutoa maji. Haya hufanywa kila mahali kwa nia njema, na yanachoma dakika ambazo hazirudi. Maji yaliyo tumboni si yanayomuua. Mlaze chali mahali pagumu. Inua kidevu, kichwa kiende nyuma kidogo, bana pua, mpulizie pumzi tano huku ukiona kifua kikipanda. Wakufunzi wa Marekani hufundisha mbili; muhimu ni kwamba uanze na pumzi, kwa sababu moyo wa aliyezama umesimama kwa kukosa hewa. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa nguvu, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua cha mtoto kikiingia kama sentimita tano, halafu pumzi mbili, halafu 30 tena. Kwa mtoto mchanga tumia vidole gumba viwili, mikono ikikizunguka kifua chake, na mdomo wako uzibe mdomo na pua yake pamoja. Akitapika mgeuze ubavu, msafishe mdomo, endelea. Mwingine apige simu, mwingine awashe gari. Usiache mpaka apumue au wauguzi wamchukue. Akizinduka, hata akilia na kudai soda, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Hayo hayajifunzwi kwa kusoma. Msalaba Mwekundu, Kenya na Tanzania, hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza. Ukoo unaoweza kuchanga pesa za villa unaweza kumchangia mtu mmoja au wawili ada ya mafunzo kabla ya Desemba.

Limebaki la wenye nyumba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano, na kwamba Afrika ndiyo yenye kiwango kikubwa kuliko kanda nyingine za shirika hilo. Wengi huzamia katika mito, maziwa na visima, mahali ambapo hakuna mtu mmoja wa kuambiwa aweke uzio. Bwawa la villa lina mwenyewe. Lilichimbwa na mtu aliyelipa, linapigwa picha, linatangazwa, na ndilo linaloipandisha bei ya nyumba. Ninaposikia kwamba uzio utaharibu mandhari naelewa, maana mandhari ndiyo yanayouzwa. Lakini upo uzio wa wavu mweusi unaochomekwa kwenye vitundu vya sakafu na kung'olewa wageni wasio na watoto wakija, na kwa mbali hauonekani.

Mwenye nyumba hujenga kile ambacho wageni wanakiulizia. Aliweka Wi-Fi kwa sababu waliuliza. Aliweka jenereta kwa sababu waliuliza. Kwa hiyo safari nyingine, kabla ya kuuliza bei, uliza uzio. Na ukiambiwa haupo, mwambie kwamba ndiyo sababu unakwenda kukodi kwa jirani yake.